Friji la Mbughi Lakataa Kifurushi

Watu wenye heshima zao huota usiku, kitandani, wamejifunika. Mimi jana niliota saa nane mchana, kazini, kichwa juu ya kibodi, tumbo limejaa wali na maharage. Ninasimulia kama ilivyokuja. Sitii chumvi, kwa sababu ndoto yenyewe ilikuja na chumvi yake.

Kwanza nieleze nilikuwa nafanya nini kabla sijasinzia. Naitwa Namkunda, nafanya kazi kwenye karakana ya mafriji ya chanjo pale Moshi. Kila friji letu lina bodi ndogo ya umeme, na ndani ya bodi kuna programu inayoliambia friji lini liwashe kompresa, ile pampu inayoleta baridi, na lini liizime. Programu ikirekebishwa, mimi ndiye ninayeifungasha na kuituma kwa mtandao mpaka kwenye friji, hata kama liko mlimani juu kabisa.

Kufungasha hakuhitaji kubofya vipicha. Kuna dirisha jeusi, na ndani yake unaandika amri ya mstari mmoja. Chombo chenyewe kinaitwa fungasha. Kiliandikwa na Mzee Kilave kabla hajastaafu, naye aliapa hataandika humo neno la Kiingereza hata moja. Kwa hiyo machaguo yake yote ni ya Kiswahili, kila moja limetanguliwa na vistari viwili. Jana mstari wangu ulikuwa huu:

fungasha --kifaa 3 --toleo 41 --ufunguo karakana --tuma mbughi --lazimisha

Hilo la mwisho si la kila siku. Nililiongeza kwa amri ya bosi. Friji la Zahanati ya Mbughi, kule juu Upareni, lilikuwa limekataa kifurushi mara tatu, na kila mara lilitoa jibu lilelile: kifaa hakilingani.

Bosi wetu, Bwana Senkoro, alilichukulia jambo hilo kama tusi.

"Mengine yote yamekubali?" aliniuliza kwenye kikao cha asubuhi.

"Yote, bosi."

"Basi hilo ni jeuri tu. Friji haliwezi kuwa na maoni. Lilazimishe."

"Labda tumpigie Sista Nakiete kwanza, alitazame," nilisema. Sista Nakiete ndiye muuguzi wa Mbughi. Ana friji moja tu, na chanjo zote za watoto wa milima ile zimo humo.

"Sista ana watoto sitini na mmoja wa kuchanja Alhamisi. Usimsumbue mama wa watu kwa mambo ya bodi."

Fundi Elinaja, ambaye ndiye alikwenda kulitengeneza friji hilo mwezi wa nane, alikuwa anaangalia dari kwa makini sana. Kwenye ripoti yake ya safari ile aliandika neno moja: Limepona. Sisi tulimsifu kwa kuandika kwa ufupi.

Basi nikaandika mstari wangu, nikaweka kidole karibu na Enta, nikasubiri saa nane na nusu, maana mtandao wa Mbughi hukaa sawa wakati huo. Kusubiri na maharage havipatani.

*

Nimesimama kwenye ofisi ya vifurushi, kama zile za mabasi ya mikoani. Kuna kaunta ndefu, mizani, karatasi za kaki na harufu ya kamba za katani. Ukutani wamebandika tangazo: HATUPOKEI VITU VINAVYOVUJA WALA MASWALI.

Nyuma ya kaunta wamekaa watu kadhaa. Kila mmoja ana vistari viwili vinavyoelea mbele ya uso wake, kama sharubu zilizopotea njia.

"Karibu," anasema mama mmoja mwenye futi ya kushonea shingoni. "Mimi ni Kifaa. Mzigo uko wapi?"

Ninaangalia mikono yangu. Sina kitu.

"Nadhani ni mimi," nasema.

"Ndiyo, ni wewe," anasema bila kushangaa. "Panda mizani."

Napanda. Mizani inasoma kilobaiti mia mbili na kumi. Nafurahi kidogo, maana wiki iliyopita nilikuwa zaidi ya hapo.

"Unakwenda kuingia kifaa namba ngapi?"

"Namba tatu."

"Umekiona mwenyewe au umeambiwa?"

"Kimeandikwa kwenye orodha ya ofisi."

"Haya," anasema, anaandika tatu. "Mimi huandika ninachoambiwa. Nina futi, sina macho."

Nataka kuuliza futi ni ya nini basi, lakini nakumbuka lile tangazo.

Anafuata mzee mmoja mkavu anayeitwa Toleo. Ananivika kibao shingoni, kimeandikwa 41. Namwambia kwa adabu kwamba mimi nina miaka thelathini na minne.

"Humu una arobaini na moja," anasema. "Mwezi uliopita ulikuwa arobaini. Mwezi ujao arobaini na mbili. Ukijaribu kushuka mlango utafungwa, kwa hiyo usilete mambo ya umri."

Sileti. Nasogea kwa dada mmoja mwenye mhuri, ambaye amejifunga ufunguo mkubwa kiunoni. Huyo ni Ufunguo. Ananigonga mhuri mkononi, kwa nguvu, kisha anaupuliza ukauke.

"Bila sahihi hii, huko uendako hawatajua wewe ni wa nani," anasema.

"Na wakishajua?"

"Wakishajua watakuamini kwa kila kitu. Hapo ndipo ninapoogopaga," anasema, na anaanza kunifunga karatasi ya kaki kuanzia miguuni. Anafunga mpaka kidevuni. Anapaka gundi.

Mbele yangu anasimama baba mmoja mkubwa kama kabati. Shati lake limepigwa pasi, sauti yake ni ya chini na ya upole. Nimemwogopa papo hapo.

"Mimi ni Lazimisha, dada yangu. Nitakusindikiza."

"Kazi yako hasa ni nini?"

"Wakisema hapana, mimi nasikia ndiyo."

"Na kama wana sababu?"

"Sababu zinapokelewa dirisha la pili."

Natazama dirisha la pili. Limezibwa kwa matofali na kupakwa rangi.

Mwisho kabisa wa benchi amekaa mtu mwembamba, vistari vyake vimejaa vumbi. Anakunywa chai kwa raha zote kutoka kwenye kikombe kitupu. Anapuliza, anakunywa, anajifuta midomo.

"Yule ni nani?" namnong'oneza Ufunguo.

"Anaitwa Jaribio. Hajaitwa miaka sita. Yuko kwenye ukurasa wa msaada wa fungasha, mstari wa mwisho, na watu wa kwenu huishia katikati."

Mimi ni mmoja wa hao wanaoishia katikati. Ningeangalia viatu vyangu kwa aibu, ila vilikuwa ndani ya karatasi.

"Mbughi," anasema mtu mmoja anayeitwa Tuma.

Hatupandi gari, hatutembei. Amesema Mbughi, na Mbughi imekuja.

*

Niko ndani ya friji. Ni digrii tano. Vichupa vya chanjo vimepangwa kwa safu kama wanafunzi mstarini asubuhi, kila kimoja kimevaa kisweta.

"Funga mlango!" vinasema kwa pamoja.

"Sijaufungua," nasema.

"Basi usiufungue."

Lazimisha yuko nyuma yangu. Sijui ameenea vipi, lakini yupo, na shati lake halijakunjamana.

Sauti inatoka chini ya miguu yangu. Ni sauti ya mama aliyeamshwa mara tatu kwa jambo lilelile.

"Nimeshasema hapana. Safari hii mmeleta mtu?"

Ni friji linalosema. Sijui umri wa friji hili, lakini sauti yake si ya kusalimiwa kwa mambo.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Sahihi yako ni nzuri, imekauka vizuri. Lakini hulingani na mimi."

"Orodha inasema wewe ni namba tatu."

"Nje ni namba tatu. Nimebandikwa hivyo tangu kiwandani. Hebu angalia ndani."

Sakafu inafunguka kama sahani ya kufunika sufuria, na ninaiona bodi yake. Imeandikwa namba mbili kwa rangi nyeupe.

"Mwezi wa nane radi ilinipiga, bodi yangu ikaungua," linasema friji. "Akaja Elinaja wenu. Hakuwa na bodi ya namba tatu, akanitia namba mbili aliyoikuta kwenye begi lake. Alifanya vyema, nilipona siku ileile, chanjo hazikuharibika hata moja. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mtu. Na skrubu ilimponyoka ikaingia mitini, basi akaibana bodi kwa kibanio cha nywele cha Sista. Kile pale."

Nakiona. Ni kibanio cha kijani, kimevunjika jino moja upande wa kushoto.

"Sista anajua?"

"Hajui. Anamshuku mama anayefagia."

Naliuliza friji swali ambalo nilipaswa kuliuliza asubuhi, kwa simu, nikiwa na akili zangu zote.

"Nikiingia kwenye bodi hii, itakuwaje?"

"Kwa bodi ya namba tatu, joto likipanda namba za kipimo hushuka. Kwangu joto likipanda namba hupanda nalo. Wewe umefundishwa za namba tatu. Kila joto litakalopanda humu, wewe utaliona baridi, na utaizima kompresa kwa moyo safi kabisa."

Vichupa vinanigeukia. Kimoja cha safu ya mbele, kidogo kuliko vyote, kinaniangalia kwa kujikaza.

"Wewe ndiye wa kutuzimia?" kinauliza.

Niliogopa. Sioni haya kusema niliogopa. Miaka yote nimetuma vifurushi kama mtu anayetupa barua kwenye sanduku, na sijawahi kuwa mimi barua yenyewe. Namgeukia Lazimisha.

"Turudi."

"Sijui kurudi, dada yangu."

"Umesikia mwenyewe. Limekataa, na limetoa sababu."

"Nimesikia ndiyo," anasema kwa upole, na ananiwekea mkono mgongoni. Mkono una joto, na unasukuma.

"Nani anaweza kukuzuia?"

"Aliyeniweka ndiye wa kunitoa."

"Ni mimi niliyekuweka!"

"Basi nitoe."

"Nimefungwa karatasi mpaka kidevuni!"

"Pole sana," anasema, na naona anamaanisha. Haachi kusukuma.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule wa mwisho wa benchi. Nakohoa, navuta pumzi, napiga kelele ndani ya friji la watu.

"Kistari Jaribio!"

Mlango wa barafu unafunguka, wanaingia watu saba wafupi, kila mmoja ana kistari kimoja tu usoni. Wanajipanga kwa urefu ambao hawana.

"Umetuita," anasema wa kwanza. "Mimi ni J. Huyu A, huyu R, huyu I, huyu B, yule I mwingine ni pacha wake, na yule mviringo ni O."

"Nilimwita Jaribio!"

"Umeweka kistari kimoja. Kistari kimoja ni sisi, mmojammoja. Ungetaka yeye mzima ungeweka viwili. Mimi huonyesha jedwali. Ulitaka jedwali?"

"Sitaki jedwali. Ninasukumwa."

"B hana kazi yoyote," anasema J. "Hajulikani hata kwenye ukurasa wa msaada. Lakini ameitwa, amekuja, inabidi mumpe heshima yake."

B ananiinamia. Namwinamia pia, kadiri karatasi inavyoruhusu. Wanaondoka wakinung'unika juu ya watu wasiojua kuita. R anaondoka, anarudi, anaondoka tena, kwa sababu kazi yake ni kurudia.

Nimebakiza hatua moja kufika kwenye bodi. Nasema upya, kwa sauti yote niliyo nayo.

"Kistari! Kistari! Jaribio!"

Amefika. Amekuja na kikombe chake.

"Nipo," anasema. "Endeleeni."

"Tuendelee vipi? Mzuie huyu!"

"Mimi simzuii mtu. Endeleeni, mfanye yote kama mlivyoandika."

Nilimlaani moyoni kwa maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Lazimisha akanisukuma mara ya mwisho, nikaingia.

*

Ni kweli kabisa lilivyosema friji. Ndani ya bodi naona baridi kila mahali. Naona namba zinapanda, na mimi nimefundishwa kwamba namba zikipanda ni kuganda, na chanjo zikiganda zimekwisha. Naogopa zitaganda. Nazima kompresa. Nazima kwa mapenzi, kama mama anayemfunika mtoto mwenye homa blanketi la pili.

Digrii tisa. Vichupa vinavua visweta.

Digrii kumi na nne. Vinaegemeana.

Digrii ishirini na moja, na kile kidogo cha safu ya mbele kinalala chini.

Kisha ni Alhamisi. Hakuna aliyetangaza, ni Alhamisi tu. Mlango unafunguliwa na Sista Nakiete amesimama, miwani imemteremka puani. Anachukua kichupa, anakigeuza, anatazama ile alama ndogo ambayo huwa nyeusi chanjo ikipata joto. Anachukua cha pili. Anachukua cha tatu. Anavua miwani, anaifuta kwa gauni, anaivaa tena, anaangalia upya kama vile kosa lilikuwa la miwani.

Nje kwenye benchi kuna akina mama, watoto mgongoni. Wengine wametoka nyumbani alfajiri. Kadi wameshika mkononi, zimefungwa kwa nailoni zisilowe.

"Rudini nyumbani, wanangu," anasema Sista. "Dawa zimeharibika."

"Tuje lini?"

"Sijui. Nitawapigia."

Mama mmoja anamgeuza mtoto wake mbele, anamwonyesha. "Na huyu? Kwetu kuna surua nyumba ya tatu."

Sista anamshika mtoto mguu, anautikisa kidogo, basi.

Nililia. Nililia ndani ya karatasi ya kaki mpaka gundi ikaanza kuachia. Nilitaka kutoka nimwambie kwamba ni mimi, kwamba nilikuwa na namba yake ya simu, kwamba ningeuliza kwa dakika mbili tu. Lakini kifurushi hakina mdomo. Kikishaingia, kimeingia.

"Basi," anasema Jaribio. Anamaliza chai yake ambayo haikuwepo.

Na si Alhamisi tena. Ni digrii tano. Vichupa vimevaa visweta, na kile kidogo kinanitazama kwa kujikaza. Niko nje ya bodi, hatua moja, karatasi imenilegea mabegani.

"Imetokea?" nauliza.

"Haijatokea. Mimi nikiwepo kila kitu hufanyika na hakuna kinachotokea."

"Ofisini wanasema wewe hufanyi kazi."

"Ni kweli," anasema. "Kutofanya ndiyo kazi yangu, na sijaikosea hata siku moja."

Lazimisha anaiangalia mikono yake mikubwa.

"Nilisukuma kweli?" anauliza.

"Ulisukuma vizuri sana, mkubwa," anamjibu Jaribio, na anampa kikombe. Lazimisha anakunywa. Anasema sukari imezidi.

Friji linakohoa chini yetu.

"Wewe mwenye sahihi. Ukifika kwenu mwambie Sista jambo moja. Asinifunge mlango kwa kisigino. Nina miaka kumi na moja humu, mimi si banda la mbuzi."

"Nitamwambia, mama."

"Na ufunge mlango!" vinasema vichupa.

*

"Namkunda. Unakoromea kibodi."

Ilikuwa sauti ya Fundi Elinaja, kutoka meza ya pili, akikoroga chai ya kweli. Niliinua kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nikatazama kioo cha kompyuta, nikaona mstari wangu ulikuwa umeshatumwa. Paji langu la uso lilikuwa juu ya Enta.

Kisha nikauona mwisho wa mstari.

fungasha --kifaa 3 --toleo 41 --ufunguo karakana --tuma mbughi --lazimisha --jaribio

Chini yake kulikuwa na maneno haya tu: Jaribio limekamilika. Hakuna kilichotumwa.

Paji langu la uso nalijua. Linaweza kuandika herufi moja mara mia tatu. Neno zima, pamoja na vistari vyake viwili, haliwezi. Nikajiambia labda niliandika mwenyewe usingizini. Mtu akiwa na maharage tumboni huweza mengi.

Bwana Senkoro akatokea mlangoni.

"Limekubali?"

"Bado, bosi. Nampigia Sista."

"Nilisema nini asubuhi?"

"Ulisema friji halina maoni. Ndiyo maana nataka ya Sista."

Alifungua kinywa, lakini simu ilikuwa inaita tayari.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Ni nyinyi na mambo yenu ya mtandao? Kile kitaa cha bluu kimewaka mara tatu wiki hii, nimekifunika na kitambaa."

"Friji liko digrii ngapi?"

"Tano. Kwani kuna nini?"

Tano. Nilitaka kumbusu mtu, lakini waliokuwepo ni Senkoro na Elinaja. Nikamwomba Sista afungue kifuniko cha chini, upande wa nyuma, anisomee namba iliyoandikwa kwenye bodi. Akalalamika magoti, akalalamika buibui, akaenda. Nikasikia kijiko kikichokonoa bati. Meza ya pili, chai ya Elinaja iliacha kukorogwa.

"Ni mbili," alisema Sista. "Mbona mlangoni mmeandika tatu?"

Nikaanza kufuta ile --lazimisha, kitufe kimoja kimoja, mara kumi na moja. Nilipomaliza nilimwambia Bwana Senkoro, "Ni namba mbili, bosi. Tungezima friji lake." Alivuta kiti akakaa, na ni mtu ambaye hukaa kwa nadra.

Ningeweza kuishia hapo. Namba mbili ningeweza kuibahatisha. Lakini moyo haukutulia.

"Sista, hiyo bodi imeshikwa na nini?"

Upepo wa Mbughi ulivuma kwenye simu.

"Heh!" alisema.

"Cha kijani," nikasema. "Kimevunjika jino moja, upande wa kushoto."

Elinaja akaweka kikombe mezani. "Skrubu iliingia mitini," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

"Kibanio changu!" Sista alikuwa amepandisha sauti. "Mimi nimemnunia mama wa watu anayefagia tangu mwezi wa nane! Hata ubwabwa wa msiba wao sikuula! Nani kakwambia wewe?"

Nikamtazama bosi. Nikamtazama fundi. Ningetaja ripoti, lakini ripoti ilikuwa na neno moja.

"Friji," nikasema.

Bwana Senkoro alifumba macho.

Sista hakucheka, wala sidhani kama alishangaa sana. Mtu aliyekaa miaka kumi na moja mlimani na friji moja ana mambo yake nalo.

"Limesema nini kingine?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Linaomba usilifunge mlango kwa kisigino."

Kisha nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa kidogo, na ukifungwa polepole, kwa mkono.

"Haya, umeridhika?" alisema Sista Nakiete, na mpaka sasa sijui alikuwa ananiuliza mimi.